"-stan" ina kosa gani?

Siku hizi mtu akitaka kuukejeli mtaa wenye mashimo barabarani na umeme wa kubahatisha, anaupachika "-stan" mwishoni, ile ya Pakistan na Afghanistan, watu hoi kwa kicheko. Mimi sicheki. Wanaoidharau silabi hiyo wanaitumia kila siku bila habari.

Asili yake ni Kiajemi, lugha ya Iran, na maana yake ni mahali, basi. Wairani wenyewe hawaiachii nchi peke yake: bimarestan ni mahali pa wagonjwa, yaani hospitali, na qabrestan ni makaburini (kaburi lenyewe umeshalitambua). Hata kiangazi wanakiita tabestan. Uingereza kwao ni Englestan! Waturuki nao, walioichukua kwa Waajemi, huiita Ugiriki Yunanistan na Hungaria Macaristan. Waarmenia nchi yao wenyewe wanaiita Hayastan. Kazi yake ni ileile ya "-ni" yetu tunaposema Uarabuni.

Sasa itazame bustani. Neno hilo lilitufikia kupitia Kiarabu, lakini lilizaliwa Uajemi: bu ni harufu, stan ni mahali. Kwa hiyo bibi anayemwagilia asumini zake Unguja yumo ndani ya "-stan" yake, tena inanukia. Ukichimba zaidi unakuta mzizi wa kale sana wenye maana ya kusimama. Huo ndio uliozaa sthana ya Kisanskriti, tunayoiona katika Rajasthan, na Stadt ya Kijerumani, yaani mji. Ndio pia uliowapa Waingereza neno ambalo sisi tumeligeuza stendi ya mabasi. Stesheni nayo, kwa njia ya Kilatini, ni ya ukoo huohuo.

Kejeli ninayoikubali ni moja tu: Bantustan. Wapinzani wa ubaguzi Afrika Kusini walilishikilia jina hilo kuzisuta nchi za bandia ambazo serikali ya makaburu iliwatengea Waafrika, kama Transkei, iliyopewa "uhuru" mwaka 1976 na isitambuliwe na nchi yoyote halisi ila Afrika Kusini yenyewe. Pale aliyechekwa alistahili.

Kinachoniudhi ni wenyewe kuanza kuona haya. Mwaka 2014 Rais Nursultan Nazarbayev alipendekeza Kazakhstan iitwe Kazak Yeli, akisema wageni wanavutiwa na Mongolia, ambayo jina lake haliishii na "-stan". Pendekezo halikufika mbali. Lililobadilishwa ni jina la mji mkuu, Astana: mwaka 2019 ukaitwa Nur-Sultan kwa heshima yake, na mwaka 2022 ukarudishiwa jina lake.