Platini na saratani: hoja ya wanaoitilia shaka, na jibu lake

Mtu akiambiwa kwamba dawa anayotundikiwa imetokana na metali, hushtuka, na ana haki, maana zebaki na risasi amezijua kwa sumu yake. Watafiti wana shaka ya namna nyingine: tangu kisplatini, dawa ya saratani iliyotengenezwa kwa metali ya platini, iidhinishwe Marekani mwaka 1978, misombo ya titani na ya rutheni iliyoua seli za saratani maabara imekwama ilipofikishwa kwa wagonjwa, hivyo wapo wanaoshauri fedha zielekezwe kwenye kingamwili, yaani protini za kinga zinazotengenezwa kulenga seli za saratani.

Shaka hiyo ina msingi, ila inaidogosha mno kazi iliyokwisha kufanywa na platini. Mwaka 1965 mtafiti Barnett Rosenberg na wenzake wa Michigan, Marekani, walitangaza kwamba bakteria waliopitishiwa umeme kwa elektrodi (vipitisha umeme) za platini walirefuka kama nyuzi bila kugawanyika, na kisababishi kikawa misombo ya platini iliyokuwa ikitoka kwenye elektrodi hizo, kisplatini ikiwemo. Ndani ya seli kisplatini huachia klorini yake, hujishikiza kwenye DNA na kuipinda, na seli hushindwa kujigawa. Kabla yake, katika saratani ya korodani iliyokwisha kusambaa, alipona takriban mgonjwa 1 kati ya 10. Ilipochanganywa na dawa nyingine, wakapona takriban 8.

Kwa Afrika Mashariki kipimo kikubwa ni saratani ya mlango wa kizazi, ambayo kisplatini hutolewa kila wiki sambamba na mionzi. Uchambuzi wa majaribio mengi uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba waliokuwa hai baada ya miaka 5 waliongezeka kutoka 60 kwa mionzi pekee hadi 66 dawa ilipoongezwa, katika kila wagonjwa 100. Wapo wanaoona 6 ni wachache kwa dawa yenye adha kiasi hicho. Mimi nawaona ni akina mama 6 waliorudi kwa watoto wao. Tena wastani huo unaficha jambo: waliotibiwa mapema faida ilikaribia 10, waliofika hatua ya tatu na kuendelea ilikuwa 3 tu. Wengi wa wagonjwa wetu hufika wakiwa wamechelewa, baadhi yao uvimbe ukiwa umeshabana mirija ya mkojo na figo zimedhoofu, na figo ndizo kisplatini inazoziumiza zaidi. Hapo dawa hulaumiwa kwa kosa la ucheleweshaji.

Sikatai kwamba madhara ni makali: kutapika, ganzi vidoleni, masikio kuvuma na wakati mwingine usikivu kupotea moja kwa moja. Karboplatini, dawa nyingine ya platini, huzipa figo nafuu, lakini hushusha chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kinga ya figo haihitaji uvumbuzi mpya: ni dripu ya maji ya chumvi kabla na baada ya dawa, nyongeza ya madini ya magnesi yanapopungua, na kipimo cha kreatinini, kinachoonyesha hali ya figo, kabla ya kila dozi. Wodi inayokosa kitendanishi (kemikali ya kupimia) cha kipimo hicho italazimika kuahirisha dozi, na mgonjwa aliyepangiwa 5 au 6 atamaliza mionzi akiwa amepata 2.