Siku Nilipoanikwa na Karafuu

Nianze kwa kusahihisha. Hayakuwa mavi ya ng'ombe. Zilikuwa karafuu. Jamaa yangu niliyekwenda naye Pemba (jina lake namhifadhia, ingawa yeye langu hakulihifadhi) ameshawasimulia nusu ya Mji Mkongwe kwamba nilipiga mbizi zizini. Jana muuza urojo kaniuliza, huku anamimina, kama harufu imeshatoka. Basi nasimulia mwenyewe, kidonda cha goti hakijashika hata gaga.

Wazo la safari lilikuwa langu, sikatai. Huku Unguja baiskeli ni kujitafutia kifo: daladala nyuma yako, bodaboda ubavuni, na gari ya watalii inayowahi Nungwi kama bahari itafungwa saa kumi. Pemba lami iko, gari hakuna. Tuliteremka melini bandari ya Mkoani tukaendesha mpaka Chake Chake, kilomita 30 hivi, na gari zilizotupita ningeweza kuzihesabu kwa vidole nikabakisha vya kulia chakula. Kushoto bahari inachungulia nyuma ya mikoko, kulia mikarafuu imepanda mlima, hewa yote inanukia kama pilau la mtu mwengine. Nikawaandikia nyie kwenye kundi: kesho Wete, kisha Konde, msitu wa Ngezi, mpaka mnara wa taa wa Kigomasha. Picha za mnara mlizoahidiwa, zisubirini.

Ninachowalaumu Wapemba ni vilima. Unashuka bonde la mpunga, unapanda kilima cha mikarafuu, unashuka bonde la mpunga. Kwenye kilima cha nne, nakokota baiskeli kwa miguu, nikapitwa na kitoto cha miaka minane hivi. Baiskeli ya babake, kubwa, mguu kaupenyeza ndani ya fremu kwa sababu kwenye kiti hafiki, na kwenye keria mzigo wa majani ya ng'ombe uliomzidi yeye. Akanisalimia vizuri kabisa. Mimi pumzi ya kuitikia sina.

Sasa, mavazi. Nilikuwa nimevaa ile kaptula ya kubana ya waendesha baiskeli, yenye sifongo makalioni. Jamaa alinionya tangu Chake: "Hapa Pemba, vaa suruali juu yake." Nikamjibu kwamba suruali inashika upepo. Naomba mlikumbuke jibu hilo, litarudi.

Kijiji sikitaji, nataka siku moja nipite tena. Nilifika juu ya kilima, mbele yangu mteremko mrefu ulionyooka, lami safi, wala gari, wala mbuzi. Nikasema moyoni, hii ndiyo niliyoifuata. Nikainama juu ya usukani, ule wa pembe za kondoo, nikaachia.

Upepo masikioni. Machozi yananitoka kwa raha. Chini kabisa naona upande wa kushoto wa barabara kuna kitu kama kivuli, nikadhani ni kivuli. Nikakaribia, kivuli kina mawe pembeni. Nikakaribia tena, kivuli ni majamvi. Majamvi matano, yamefuatana, yamejaa karafuu, zile za kijani na wekundu zilizoanza kukauka. Kila msimu watu huambiwa wasianike barabarani, na kila msimu lami ya saa saba mchana inakausha kuliko ua. Siwalaumu. Kwani barabara hiyo nani anapita? Mpumbavu mmoja kutoka Unguja.

Nafasi ya kupita kulia ilikuwepo, tena pana. Nikaelekea huko. Hapo akatoka kuku na vifaranga vyake sita, anavuka polepole kama bibi harusi. Nikashika breki ya nyuma: haipo. Si kwamba ilikuwa dhaifu, haipo, waya umechomoka. Nikashika ya mbele kidogo, kwa adabu. Kuku akasimama katikati akanitazama. Wallahi alinitazama. Nikapinda kushoto.

Tairi nyembamba juu ya karafuu mbichi ni kitu cha kufundishwa skuli. Karafuu haisagiki, inaviringika, kila moja gololi. Jamvi la kwanza nililipita nikiwa bado juu ya baiskeli, najiona nimeokoka. La pili baiskeli ikaenda njia yake. La tatu nililipita kwa kifua, mdomo wazi kwa sababu nilikuwa katikati ya kupiga kelele "Jamaniii!", na karafuu zikaingia kwenye "ma". La nne ndilo lililonipokea. Nikasikia sauti nyuma yangu, ndefu, trrrrrr, nikafikiri ni jamvi linachanika.

Halikuwa jamvi.

Kimya. Kifaranga kimoja kinalia. Kisha sauti ya mwanamke mtu mzima: "Usiinuke! Kaa vivyo hivyo!"

Nikashukuru Mungu, nikajua anahofia uti wa mgongo wangu. Kumbe anahofia karafuu zake zisitawanyike. Akaja na ungo, akaanza kuniokota. Masikioni, kolani, ndani ya soksi. Kilo moja iliyokauka vizuri inapita shilingi 10,000, na msimu kama ule hakuna atakayekuacha uondoke na punje. Jirani yake akapiga kelele toka barazani, "Mtazame na mifukoni, isije ikawa magendo!"

"Wewe kijana wa wapi?" bibi akaniuliza.

Hapa lazima muelewe karafuu inafanya nini mdomoni. Ndiyo ile ile tunayoweka kwenye jino bovu. Mimi nilikuwa nimetafuna kiganja kizima, ulimi umekufa ganzi, mdomo wa chini siujui uliko.

"Wa Ungutha, bibi. Thamahani thana."

Akamgeukia jirani: "Ati Ungutha. Ndiko wapi huko?"

"Labda Mzungu," jirani akasema. "Mtazame nguo yake."

Wakatazama nguo yangu. Watoto walikuwa wameshafika, akiwemo yule wa majani ya ng'ombe. Bibi akasema "Astaghfirullah," akawafukuza watoto, akaingia ndani. Wanaume wote wa nyumba walikuwa juu ya mikarafuu na misuli yao ya kujifunga kiunoni imekwenda nao, kwa hiyo alichotoka nacho ni kanga. Upande mmoja. Akanirushia huku kaangalia pembeni.

Yaliyobaki ni machache. Jamaa akafika, akacheka mpaka akakaa chini. Tukachambua mchanga kwenye karafuu mpaka alasiri, tukalishwa muhogo na pweza, bibi akakataa pesa. Nikarudi Chake nikisukuma baiskeli, nimejifunga kanga, na nyuma yangu, kwa herufi kubwa, imeandikwa MTASEMA MCHANA USIKU MTALALA. Watu barazani walikuwa wanaisoma kwa sauti.

Nimefika nyumbani, mke wangu kafungua begi afue nguo. Kaitoa kanga, kainusa, kaisoma, kaigeuza.

"Hii ni upande mmoja. Wa pili uko wapi?"

Ulimi ulikuwa umeshapona, nikajibu bila kufikiri: "Uko kwa mwenyewe, Pemba."

Leo usiku wa tatu nalala sebuleni. Anayemjua jamaa yangu amwambie aje atoe ushahidi, tena ile ya zizi aiache nje.