Sikufungiwa Kwenye Buti, Nilibanwa Tu

Tuwekane sawa kwanza: sikufungiwa kwenye buti. Aliyewatumia ile video ya mimi nikiwa nimenasa kwenye buti la gari nililokuwa nauza amekata kipande cha mwanzo, kile ambacho mkono wake unaonekana ukiachia mlango. Mnaocheka, subirini.

Mteja alikuwa mjuzi, na mjuzi hanunui Volkswagen Golf GTI ya 2006 mchana. Anakuja alfajiri, anakukataza kuiwasha, akifika anaweka kiganja kwenye boneti kabla ya salamu. Injini ikiwa baridi haifichi kitu: kinyororo kinachounganisha kamshafti mbili (mihimili inayofungua vali) kikilegea kitagonga sekunde za mwanzo, na sili (raba za kuzuia uvujaji) za vali au za tabo zikipitisha oili utaona moshi wa bluu. Huko mbele nilikuwa salama. Nyuma ndiko ambako sikuwaza.

Mlango wa buti unashikiliwa na shokapu mbili za gesi. Sili zikizeeka nitrojeni inavuja, na baridi nayo inashusha presha ya ile iliyobaki: kutoka nyuzi 30 hadi 10 unapoteza karibu asilimia 7. Shokapu nzima haitikisiki kwa hilo. Zangu zilikuwa zinasimamisha mlango saa sita mchana kwa kudra za Mungu tu, tena mlango wenye spoila kubwa niliyoifunga mwenyewe. (Msiniulize. Ujana.) Siku zote naweka mpini wa fagio, lakini utauzaje gari lenye fagio? Nikamwomba rafiki yangu asimame pale, mkono mmoja juu, kama mtu aliyejiegemeza tu.

Yule mzee mteja akauliza swali la wajuzi: "Tapeti ya pampu umewahi kuibadilisha?" Hiki ni kikombe kidogo cha chuma, hakizidi kifuniko cha chupa, kinachokaa kati ya kamshafti na pampu ya petroli ya presha kubwa. Unafungua boliti tatu za bisibisi ya nyota, saizi T30, unatoa pampu, unakikagua kila baada ya kilomita 30,000 hivi. Kikitoboka, kamshafti inaanza kula pampu. Nilishabadilisha, na ile ya zamani nimeitunza butini pamoja na risiti. Nikaitoa kwa mbwembwe, ikaniponyoka, ikabingirika hadi chini ya tairi la akiba.

Sasa nitaenda polepole.

Nimeinama hadi kiunoni. Shavu liko kwenye zulia, mkono umepenya katikati ya rimu, vidole viwili vimeigusa tapeti. Naongea, maana muuzaji akinyamaza anashukiwa: "Mzee, hili gari limetunzwa, hakuna kitu kilicholegea..." Nyuma yangu nasikia mlio wa kamera ya simu. Nikajiuliza: huyu anashika simu kwa mkono gani?

Fssss.

Mlango haukudondoka. Uliteremka kwa adabu zote, kama mgeni anayetafuta pa kukaa, ukatua kiunoni. Kisha uzito ukafuata. Kufuli likasikika "kta!" Limeng'ata kitanzi cha suruali yangu. Nikajaribu kurudi nyuma, paja likajibana kwenye bampa, na indiketa zikawaka mara moja. Ufunguo ulikuwa mfukoni. Umejibonyeza. Gari limejiloki.

Kwa hiyo nyie mnaouliza kwa nini mzee hakubonyeza tu ile nembo ya nyuma inayofungua buti: alibonyeza! Alibonyeza mpaka akachoka. Gari likiwa limelokiwa, nembo ni pambo. Kukawa na ukimya mrefu, kisha nikasikia sauti ya upole: "Kaka, samahani, ufunguo uko mfuko gani?"

Wa kushoto, mzee. Mbele. Chini kidogo. Hapo hapo.

Mkono wa mtu nisiyemjua hata jina umezunguka mfukoni mwangu huku mimi nimekumbatia tairi, na rafiki yangu anasema, "Mwanangu, usitikisike, picha inacheza."

Gari likafunguliwa, kitanzi kikakatika, nikatoka. Injini ikawashwa, haikugonga. Mzee akakata bei ya shokapu mbili, nikakubali bila kupumua. Anabadilisha mwenyewe: apate mtu wa kushikilia mlango (mtu, siyo mpiga picha), ainue vibanio vya ncha kwa bisibisi bapa, azitoe zote mbili hata kama moja bado ina nguvu, na mpya azifunge ule mti mwembamba ukielekea chini mlango ukifungwa, ili mafuta ya ndani yailoweshe sili. Nimemwambia pia asome namba yenye N ubavuni, ndiyo nguvu ya shokapu kwa nyutoni. Akibaki na spoila, hizo za kawaida zitachoka mapema.

Akalipa. Kabla ya kuondoka akaomba namba ya simu, siyo yangu, ya rafiki yangu. Anaitaka ile video.