Maneno ya serikali nayo yawe na stakabadhi

Kuna sentensi ambayo mtu wa Mtwara au Lindi akiisikia anajua mazungumzo yamefika mwisho: "Wananchi wanahitaji kupewa elimu." Tuliambiwa hivyo kuhusu gesi. Tukaambiwa hivyo kuhusu ushuru wa korosho zinazosafirishwa nje, na kuhusu ardhi ya Likong'o inakokusudiwa kujengwa mradi wa gesi. Anayeisema mara nyingi hana nia mbaya. Ni ofisa aliyetumwa kutoka juu, amesimama juani mbele ya watu wenye hasira, na hilo ndilo neno la staha alilo nalo. Lakini ndani yake kuna hukumu: kwamba aliyepinga hakuelewa, na siku akielewa atakubali.

Nimeanza na neno hilo kwa sababu siku hizi mjadala wa sheria za habari umekuwa wa upande mmoja. Tunabishana mwananchi aruhusiwe kusema nini na mwandishi aandike nini. Anayeuliza ni sheria gani inayoibana serikali yenyewe inapowasemesha raia wake hujibiwa kwamba anataka kuiziba serikali mdomo, au kwamba anapinga maendeleo. Nadhani anaeleweka vibaya, na huku Kusini tuna sababu nyingi za kumwelewa vizuri zaidi.

Jina lenyewe linatuchanganya. Kwa Kiswahili tuna uenezi, na uenezi hauna aibu: chama kina katibu wake wa itikadi na uenezi, na kila mtu anajua kazi yake ni kukisemea chama. Tuna uhamasishaji, tuna uelimishaji. Propaganda tumeliacha kuwa neno la kumtupia adui. Kwa hiyo fedha ya umma ikitumika kuwashawishi wananchi wakubali jambo ambalo bado wanalibishania, tunaliita elimu, na elimu haihitaji sheria ya kuibana.

Tuwe wakweli kwa upande wa serikali. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wanaokadiriwa kufika milioni 2 kwenye vikundi vya kusikiliza redio, wakajadili malaria, kuhara na maji safi, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Ile ilikuwa sauti ya serikali, iliyolipiwa na serikali, ikiwaambia raia wabadili mwenendo, na iliokoa maisha. Kinyume chake tulikiona mwaka 2020. Takwimu za corona zilikoma zikiwa wagonjwa 509 na vifo 21, na kila kaya ikabaki na uvumi wake. Na Oktoba ya mwaka huohuo, wapiganaji walipovuka Ruvuma kutoka Msumbiji na kuvamia kijiji cha Kitaya, watu wa mpakani walihitaji kusikia sauti ya mwenye dola haraka, hata kama si kila kitu kingeweza kusemwa. Anayetaka serikali inyamaze hajawahi kulala kijiji cha mpakani usiku wenye tetesi.

Hoja hiyo naikubali yote. Ila inathibitisha kwamba serikali lazima iseme. Haithibitishi kwamba iseme bila kuacha alama.

Turudi kwenye gesi, maana ndiko tulikopewa jina la watu waliopotoshwa. Tarehe 27 Desemba 2012 watu waliandamana Mtwara mjini wakipinga mpango wa bomba la kwenda Dar es Salaam, wakisema gesi haitoki. Siku chache baadaye Rais Kikwete, katika hotuba yake ya kufunga mwaka, alieleza kwamba rasilimali ni ya Watanzania wote. Ni kweli, na sikumbuki mtu mzima wa hapa aliyekataa hilo. Swali la mitaani lilikuwa jingine: ahadi za viwanda na ajira zilizonadiwa majukwaani kabla bomba halijatajwa zimekwenda wapi? Januari 2013, baada ya vurugu Mtwara na Masasi, Waziri Mkuu Pinda alikuja mwenyewe, akakaa na makundi, akasikiliza, akaeleza kwamba mitambo ya kusafishia gesi itajengwa hukuhuku. Mji ukatulia. Ukatulia miezi minne kwa sababu mtu alijibu swali lililoulizwa. Kisha ikaja tarehe 22 Mei. Maduka yalifungwa, watu wakakaa kusikiliza bajeti ya Nishati na Madini ikisomwa bungeni, na iliposisitizwa kwamba bomba linajengwa kwenda Dar es Salaam, moto ukawaka. Watu walikufa. Jeshi likaingia mitaani.

Watu wanaofunga biashara zao ili wasikilize hotuba ya bajeti neno kwa neno hawawezi kuitwa watu wasiopenda habari. Walikuwa wakilinganisha maneno ya jana na ya leo. Na karibu miaka mitatu baadaye, Januari 2016, ndipo ilipotangazwa kwamba TBC, shirika la utangazaji la umma, haitarusha tena vikao vyote vya Bunge moja kwa moja, kwa sababu gharama ilikuwa imefika shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka. Waziri aliyelitangaza hilo alikuwa Nape Nnauye, mbunge wa Mtama, Lindi. Gharama ni gharama, sibishi. Lakini chombo alichokitumia mwananchi kusikia serikali ikiulizwa maswali kilipunguzwa, na vile inavyotumia kujisemea vikabaki.

Sasa sheria. Kwa mwananchi ziko nyingi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu taarifa za uongo. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 iliweka makosa ya taarifa za uongo na ya uchochezi, na Mahakama ya Afrika Mashariki ikasema Machi 2019 kwamba vifungu vyake kadhaa vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Baadhi vilirekebishwa 2023. Kwa upande wa serikali, Katiba ibara ya 18 inampa raia haki ya kupewa taarifa, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inamruhusu kuomba. Hizo ni haki za kuuliza. Hakuna inayomlazimu msemaji wa umma kurudi kusahihisha alichotangaza. Zaidi ya hapo, kifungu cha 7 cha ile Sheria ya Huduma za Habari kinaweza kuvitaka vyombo binafsi kutoa habari zenye umuhimu wa kitaifa kama serikali itakavyoelekeza. Mlango mmoja una makomeo matatu, wa pili hauna hata kitasa.

Nitakaa kidogo kwenye namba moja: 3,300.

Oktoba 2018 wakulima wa Newala na Tandahimba walikataa kuuza korosho kwenye mnada, wanunuzi wakitaja bei zilizo chini ya 3,000 kwa kilo. Tarehe 12 Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300, na jeshi litazisomba. Lazima niseme wazi: ilikuwa bei nzuri kuliko iliyokuwa sokoni, na iliwapa wakulima heshima waliyokuwa wameikosa mnadani. Malori ya jeshi yalipopita watu walishangilia. Namba ikaingia kila redio, kila kijiwe, kila salamu. Watoto waliijua.

Mjomba wangu wa Tandahimba aliisikia kama wengine, na akafanya anachofanya mtu aliyesikia neno la Rais: akahesabu. Alikuwa na stakabadhi yake ya chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima wa kijijini, imeandikwa kilo, daraja na tarehe, ina sahihi na muhuri. Akazidisha kwa 3,300. Kwa jibu alilopata akachukua mabati kwa mkopo dukani, akamwahidi mwanawe karo. Habari za uhakiki zilimfikia baadaye, kwa mdomo wa watu: kwamba kwanza shamba litaangaliwa kama kweli linatoa kilo hizo, ili kuwanasa wa kangomba walionunua kwa wakulima kinyemela kabla ya msimu. Sababu hiyo ina maana, kangomba imewanyonya wakulima miaka mingi. Lakini hakuna gari la matangazo lililorudi kijijini kwake kusema bei ni ileile ila malipo yatachelewa, na kwa nani yatachelewa, na kwa sababu gani. Januari 2019 ikatangazwa kwa shangwe kwamba kampuni kutoka Kenya itanunua tani 100,000. Mei mkataba ukafutwa. Mjomba alilipwa mikorosho ilipokuwa imeanza kutoa maua tena, na wakati huo pesa ya salfa, dawa ya mikorosho, ya msimu mpya alikuwa ameshaikopa. Wapo waliosubiri kuliko yeye.

Ninalilia nini hapo? Sisemi serikali ilidanganya. Inawezekana aliyetangaza aliamini kila neno. Ninachoona ni karatasi mbili zisizolingana. Ya mkulima ina kilo, daraja, tarehe, sahihi na muhuri, na ikikosewa anawajibika nayo. Ya serikali, ile iliyomfanya akope mabati, haina hata karatasi: ilikuwa sauti kwenye spika na redio, na ilipobadilika maana hakuna aliyetakiwa kurudi.

Kumbuka pia msimu ule ulikuwa wa namna gani. Septemba 2018, miezi miwili kabla ya tangazo, Bunge lilikuwa limepitisha marekebisho ya Sheria ya Takwimu yaliyofanya kuwa kosa kusambaza takwimu zinazokanusha au kupotosha takwimu rasmi. Bei ya korosho si takwimu rasmi kwa maana ya sheria ile, najua. Lakini ofisa wa chama cha msingi aliyekuwa na orodha ya waliolipwa na wasiolipwa hakuwa mwanasheria. Alisikia tu kwamba kubishana na namba za serikali ni jinai, akaifunga orodha kabatini. Kosa hilo liliondolewa 2019, jambo jema, ila msimu ulishapita.

Wengine wamelishughulikiaje hili? Marekani ilipitisha mwaka 1948 sheria iliyoruhusu serikali kutangaza habari zake nje ya nchi, na baadaye ikakazwa ili matangazo hayo yasielekezwe kwa Wamarekani wenyewe. Katazo hilo lililegezwa kwa sheria iliyosainiwa Januari 2013 na kuanza kutumika Julai. Wapo wanaoitaja kama ushahidi kwamba hata wakubwa wamechoka na vizuizi. Mimi naona wanatazama sheria isiyohusika. Iliyo na mafunzo kwetu ni ndogo na ya kawaida: tangu 1951 Bunge lao huweka kwenye sheria za bajeti sharti kwamba fedha ya umma isitumike kwa propaganda ambayo Bunge halikuiidhinisha. Sharti hilo halijazuia serikali kueleza sera zake, hata kuzipigia debe. Linachokamata zaidi ni kujificha. Mwaka 2005 ofisi ya ukaguzi ya Bunge ilisema Wizara ya Elimu ilikosea kupitia mkataba wa dola 240,000 uliomlipa mchambuzi Armstrong Williams aisifie sera ya elimu bila wasikilizaji kujua nani analipa. Adhabu ilikuwa hafifu, na serikali zao zimeendelea kujisifu. Lakini mkaguzi alikuwa na mahali pa kushika.

Hapa kwetu pa kushikia si pagumu kupatengeneza, na ndiyo maana nashangaa hofu iliyopo. Tangazo lolote lililolipiwa na umma, la spika, la redio au la msanii aliyekodiwa, litaje ofisi iliyolilipia. Likitaja bei, fidia au tarehe ya malipo, liandikwe na kubandikwa kwenye ubao wa chama cha msingi au ofisi ya kijiji, lenye sahihi. Likibadilika, mabadiliko yatangazwe kwa njia ileile na kwa watu walewale. Basi.

Pingamizi lenye uzito ni kwamba serikali itaogopa kuahidi chochote, na mkulima atakosa hata lile neno la matumaini la Novemba 2018. Nimelifikiria sana hilo, na nakubali lina ukweli kiasi: ofisa mwoga atanyamaza. Lakini mjomba hakukopa mabati kwa matumaini. Alikopa kwa namba. Angeambiwa siku ileile kwamba 3,300 itasubiri uhakiki, angesubiri nayo, na paa la nyasi lingekaa msimu mmoja zaidi bila deni.

Wanaosema gharama itakuwa kubwa waangalie kilichopo tayari. Halmashauri zina maofisa habari. Chama cha msingi kina ubao, na wakati wa mnada bei hubandikwa pale kwa kalamu nene. Kinachokosekana ni mstari mmoja wa sheria unaosema kwamba bei iliyotangazwa na serikali ibandikwe hapohapo, na ni nani wa kuulizwa ikichelewa.

Lindi wanasubiri hilo kuliko sisi. Mradi wa gesi iliyosindikwa wa Likong'o umetangazwa kwa zaidi ya muongo. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba mazungumzo na makampuni yamekamilika, na mwaka ukaisha mikataba haijasainiwa. Huenda sababu ni nzuri, mikataba ya ukubwa huo haiharakishwi. Lakini kila tangazo lilipandisha bei ya viwanja Lindi, kuna waliouza mapema na waliokopa kununua, na wote wanakumbuka redio iliyowapa habari ile. Wakienda kuuliza kesho, nisingependa wajibiwe kwamba wanahitaji elimu.