Na damu je?

Mwandishi wa makala kuhusu Coast General, hospitali yetu ya Mombasa, ameeleza vizuri habari ya vitanda na mashine zake, ila damu hakuigusa. Makadara, kama tunavyoiita wenyeji, ndiyo hospitali ya rufaa ya Pwani nzima, Lamu mpaka Taita Taveta. Majeruhi wa bodaboda kutoka Likoni mara nyingi huvushwa kwa feri kwanza, huku shuka linalowa damu. Akifika, daktari bingwa ataongeza nini ikiwa benki ya damu ni tupu?

Shule zikifungwa ndiyo balaa, maana wanafunzi ndio wachangiaji wakubwa. Jamani, mwanamume mwenye afya anaweza kuchangia kila baada ya miezi 3, mwanamke 4. Maimamu na wachungaji, litangazeni wiki hii.