Mchoro wa sentensi haumsomi Paulo, unamsoma mfasiri wake

Chora mstari mlalo. Kushoto andika kiima, kulia kitenzi, kisha vitenge kwa mstari wa wima unaopenya mpaka chini. Shamirisho ikiwepo, itenge na kitenzi kwa kistari kifupi kisichopenya. Vivumishi na vielezi vining'inie chini kwa mistari ya mshazari, kila kimoja chini ya neno linalokihusu.

Hiyo ndiyo njia waliyoieneza Alonzo Reed na Brainerd Kellogg, walimu wa Brooklyn, mwaka 1877, na watoto wa shule za Marekani wakachorea ubaoni kwa vizazi kadhaa. Mwaka 1985 baraza la taifa la walimu wa Kiingereza nchini humo lilipitisha azimio la kupinga mazoezi ya sarufi yasiyoambatana na kusoma wala kuandika. Lakini wako wanaoshikilia michoro ile kwa sababu nyingine kabisa: wanasema asiyejua kuchambua sentensi ya Kiingereza hawezi kuielewa Biblia yake vizuri. Kwetu hoja hiyo ina mvuto, maana vyuo vingi vya Biblia vinafundisha kwa Kiingereza, na vitabu vya ufafanuzi vilivyojaa rafuni ni vya lugha hiyo hiyo.

Wana haki kwa sehemu kubwa. Waefeso 1:3-14 kwa Kigiriki ni sentensi moja. Mhubiri akidokoa "alivyotuchagua" peke yake, ana vita vya mafundisho vya kumtosha mwaka mzima. Akiichora sentensi nzima ataona kwamba kuchaguliwa, kukombolewa na kutiwa muhuri vyote vinaning'inia chini ya "Atukuzwe Mungu". Paulo alikuwa anasifu. Mabishano tumeyaleta wenyewe.

Ila kwa nini iwe sarufi ya Kiingereza? Katika Luka 22:31-32 Yesu anamwambia Petro kwamba Shetani amewataka, ila yeye amemwombea. Kiingereza cha leo kina "you" moja tu kwa mtu mmoja na kwa kundi zima, kwa hiyo msomaji anaweza kudhani Petro peke yake ndiye anayepepetwa. Akitaka kuona tofauti, inabidi arudi kwenye tafsiri ya King James ya 1611 ajifunze kutenganisha "you" ya wengi na "thee" ya mmoja. Msomaji wa Union Version ya Kiswahili hana kazi hiyo: "Shetani amewataka ninyi apate kuwapepeta kama vile ngano, lakini nimekuombea wewe". Viambishi vimeshamaliza kazi. Wote wanapepetwa, mmoja anaombewa, kisha anatumwa akawaimarishe wenzake.

Tusijisifu mapema, lakini. Ngeli zetu nazo zina mtego wake, na mfano ninaoujua vizuri ni Waefeso 2:8: "Kwa maana mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, ambayo hiyo haikutokana na nafsi zenu, ni kipawa cha Mungu". Kipi ni kipawa? Kigiriki kinatumia kiwakilishi cha jinsia isiyo ya kiume wala ya kike, ilhali neema na imani katika lugha hiyo ni za kike. Ndiyo maana wachambuzi wengi husema kinarejelea jambo zima la kuokolewa. Kiswahili hakina pa kujificha, kwani kirejeshi lazima kiwe na ngeli. Waliotutafsiria Union Version, Biblia iliyotoka mwaka 1952, waliandika "ambayo hiyo". Neema na imani zote ni za I-ZI, na sikio linavutwa na iliyo karibu. Tafsiri ya Habari Njema inasema "Jambo hili", na mzozo unapoa.

Sasa mchukue mwalimu wa shule ya Jumapili aliyefaulu sarufi, achore mstari huo wa Union Version bila kosa hata moja. Atahitimisha kwamba imani ndiyo kipawa. Huenda fundisho hilo lina tegemeo mahali pengine, lakini hapa amelipata kwenye kalamu ya mfasiri. Mwenye Kiingereza naye hana nafuu, kwa kuwa "that" yake haina ngeli, hivyo ataining'iniza popote dhehebu lake linapopenda.

Kwangu, basi, Kiingereza ni tafsiri ya pili ya kulinganishia na ufunguo wa rafu ile ya vitabu, wala si lango la kuingilia kwenye Maandiko. Aliyepita sekondari ameshachanganua sentensi kwa njia ya matawi, KN (kundi nomino) huku, KT (kundi tenzi) kule. Aanze na hiyo. Michoro ya tafsiri mbili ikigongana, hapo ndipo pa kuulizia Kigiriki.

Na pengine hata mchoro hauamui. Katika ahadi ya Yesu kwa mwizi msalabani, Luka 23:43, "leo" inaweza kuning'inia chini ya "nakuambia" au chini ya "utakuwa pamoja nami", na michoro yote miwili ni sahihi. Wanaobishana hubishania mkato, wakati hati za kale za Kigiriki kwa kawaida hazikuwa na alama hizo. Mimi naegemea upande wa pili, na sababu yangu iko Marko 14:30. Pale Yesu anamwambia Petro "Amin, nakuambia", na "leo" inayofuata ni ya kumkana usiku ule, kabla jogoo hajawika mara mbili.