Unga Umeumuka, Mwezi Haujaandama

Hebu niulize, yakhe: Mombasa, mji wenye bandari, reli na vijana wanaojua bei ya dola kabla ya chai ya asubuhi, umeshindwaje kujua kesho ni siku gani? Jioni ya Ramadhani 29 nenda popote, Kibokoni, Bondeni, Majengo, Kisauni, uliza swali hilo moja tu. Watatu watakupa majibu matatu, na wa nne atakwambia usubiri Kadhi Mkuu atangaze.

Sina ugomvi na Kadhi, wala na mwezi. Ugomvi wangu ni wa hamira, maana hamira haijui kusubiri tangazo. Mahamri ya asubuhi ya Idi ni unga kilo moja, sukari gramu 200, iliki iliyotwangwa kijiko kidogo, hamira kijiko kikubwa kimoja, na tui zito vuguvugu kama nusu lita, ulitie kidogo kidogo kwa sababu kila mfuko wa unga una kiu yake. Ukande mpaka uache kushika mkono. Kwa joto letu hili, saa moja na nusu umeshaumuka.

Sasa piga hesabu. Jua linatua kwenye saa kumi na mbili na nusu. Mwezi unatafutwa, simu zinalia kutoka Lamu hadi Mandera, na jibu laweza kuja saa mbili au saa nne. Aliyekanda magharibi, ikifika saa nne unga wake umefura, umechoka, umeanza kushuka. Akiuacha mezani mpaka alfajiri, hamira imeshakula sukari nyingi: unga mchachu, unanata kwenye kibao, na ukiingia karaini haufuri, unakunywa mafuta tu. Na ukitangazwa mfungo wa 30, ndiyo daku hiyo, jamaa wanaitafuna kimyakimya.

Dawa ipo. Punguza hamira iwe nusu ya kijiko kidogo, ukande saa nne, ufunike, ukalale. Utaumuka taratibu usiku kucha. Au uweke kwenye friji. Lakini friji ya mkesha wa Idi ina nyama ya pilau, ina maziwa, ina mitungi ya juisi ya ukwaju, na stima ikikatika saa sita za usiku utaamka ukute unga umesukuma kifuniko na kumwagikia nyama.

Tuje kwa watafuta mwezi wenyewe. Kuna wenye bidii wanaoteremka ufukweni, bustani ya Mama Ngina, wakajipanga ukutani na kukodolea bahari macho. Jamani, bahari iko mashariki! Mwezi mwandamo unalifuata jua magharibi, kwa hiyo wa kuutafuta ageukie bara, upande wa Changamwe, nyuma ya winchi za Kilindini. Kule Mama Ngina jioni hiyo ataona meli na muuza mihogo. Mwezi unaochomoza baharini wakati jua linatua ni ule wa siku ya kumi na nne, na huo hauhitaji shahidi.

Tena si kila mwezi uliopo unaonekana. Ukiwa haujatimiza kama saa 15 tangu upishane na jua, jicho tupu haliuoni hata la mvuvi. Ni uzi mwembamba kwenye mwanga wa magharibi, na unazama nyuma ya jua muda mfupi tu. Msimu wa masika ndiyo kabisa, wingu limekaa bara kama mtu aliyelipwa. Hapa karibu na ikweta mwezi mchanga hulala chali, pembe juu, mfano wa dau. Kwa hiyo akija mtu anaapa ameuona umesimama wima kama kwenye picha za vitabu, mpe maji kwanza, kisha umwulize alikuwa akitazama nini.

Na msidhani wenye kalenda ya ukutani wana nafuu. Hiyo iliyotundikwa dukani ilitengenezwa na Warumi, watu waliompa mungu wa milango mwezi wa kwanza, jamaa wa nyuso mbili, Janus. (Anayejua Januari ya Mombasa ada za shule zikidaiwa anajua uso mmoja hautoshi.) Kufikia zama za Julius Caesar hesabu zao zilikuwa zimeharibika hivi kwamba mwaka 46 KK ilibidi waurefushe hadi siku 445. Siku 445 ndani ya mwaka mmoja! Halafu mwaka 1582 Papa Gregory XIII akaona tena haziendi, akakata siku kumi: watu wakalala Alhamisi tarehe 4 Oktoba, wakaamka Ijumaa tarehe 15. Nataka kujua mwenye nyumba wa Roma alidai kodi ya mwezi ule vipi. Nashuku alidai yote, kwa sababu wa hapa kwetu Februari ya siku 28 na Machi ya siku 31 anazitoza sawasawa, na ukimtajia Warumi anakuangalia tu.

Serikali nayo ina miujiza yake. Sheria ya Kenya inasema sikukuu ikiangukia Jumapili, Jumatatu mnapumzika. Ikiangukia Jumamosi, imekwenda. Fungua kalenda ya 2026: tarehe 10 Oktoba ni Jumamosi. Jamhuri, 12 Desemba, Jumamosi. Tarehe 26 Desemba, Jumamosi vilevile. Siku tatu zimemezwa mchana kweupe, na hakuna aliyeandamana.

Hiyo 10 Oktoba ndiyo inayonichekesha. Ilikuwa Siku ya Moi, ikawa Huduma, ikawa Utamaduni, sasa ni Mazingira na mnaambiwa mpande miti. Warumi walifanya hivyohivyo kwa miungu ya Wayunani: Zeus akaitwa Jupiter, Ares akaitwa Mars, kazi zikabaki zilezile. Tofauti ni kwamba Zeus alibadilishwa jina mara moja tu.

Mwaka ninaouheshimu kidogo ni wa wenyewe wa pwani, Nairuzi, wa siku 365 kamili bila nyongeza, manahodha walikuwa wakihesabia pepo. Kwa kuwa hauna siku ya ziada, kila miaka minne unarudi nyuma siku moja, na siku hizi unaangukia Julai. Kule Makunduchi, Unguja, bado wanauadhimisha: wanapigana kwa migomba, wanachoma kibanda cha makuti, na moshi unatazamwa unaelekea wapi ili ijulikane mwaka utakuwaje. Kupigana kwa migomba nakuunga mkono, ni afadhali kuliko kupigana kwa maneno kwenye matanga. Ila huo moshi, ndugu yangu, Julai ni kusi! Kusi linatoka kusini, linapeleka kila kitu kaskazini, moshi, majahazi na kofia. Utabiri wa namna hiyo hata mimi naweza kuutoa, tena bila kuchoma makuti ya mtu.

Na mashujaa wa kale ndio msiniguse. Achilles wa Wayunani haingii silaha, ila kisigino. Fumo Liongo wetu haingii silaha, ila kitovu, tena kwa sindano ya shaba. Siri ya namna hiyo, kwa nini umwambie mtu? Liongo alimwambia mwanawe, na mwanawe alikuwa ameshanunuliwa. Akachomwa usingizini, akaamka, akachukua upinde, akapiga goti kisimani na kufa vivyo hivyo. Mji mzima ukaogopa kwenda kuteka maji, wakidhani yu hai anawalenga.

Hapo ndipo hadithi inaponishinda. Wale walikosa maji kwa sababu jitu lilikuwa limepiga goti kisimani na mshale mkononi. Huku kwetu kisima hakina mtu, bomba limetandikwa kutoka chemchemi za Mzima mpaka Mombasa, na mfereji unakoroma wiki nzima bila kutoa tone. Unamwita mwenye mkokoteni, mtungi wa lita 20 umepanda bei. Kwa nini? Kesho sikukuu. Sikukuu gani? Hajui, ila bei anaijua.